Maungamo yasiyotimia: «Picha ya Mfalme» na ugomvi wa Charles wa Kwanza na Parlema zake

Kati ya vitabu vilivyogeuza mioyo ya watu wa Ulaya kuna kimoja kidogo ambacho waseminari wetu wengi hawajapata kukifungua. Jina lake ni la Kigriki, Eikon Basilike, maana yake Picha ya Mfalme. Kilianza kuuzwa kwa siri mjini London mwaka wa 1649, siku zile zile Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alipokatwa kichwa mbele ya jumba lake la Whitehall, tarehe 30 Januari. Katika mwaka ule mmoja kilipigwa chapa zaidi ya mara 30 katika Uingereza peke yake, tena kilifasiriwa kwa Kilatini, Kifaransa na Kiholandi. Wakubwa wapya, wale waliomwua mfalme, walitaka kukizuia, wasiweze. Mtu aliyeshindwa vitani na kuhukumiwa kortini alipata ushindi wake ndani ya kitabu.

Tunataka kukipima kitabu hiki. Hatutakipima kwa kipimo cha wanasiasa, wala hatutauliza tu kama kimeandikwa kwa luga nzuri. Kitabu chenyewe kimejivika vazi ambalo sisi tunalijua vizuri, vazi la maungamo. Mfalme anapiga magoti, anachunguza zamiri yake, anamwomba Mungu msamaha. Basi ni haki yetu kuuliza: Je, maungamo haya yametimia? Na kama hayakutimia, kimekosekana nini?

I. Kitabu chenyewe

Kitabu kina sura 28, na karibu zote zinafuata njia moja. Kwanza mfalme anataja jambo lililotokea: ginsi alivyoita Parlema yake ya mwisho, ginsi waziri wake alivyouawa, ginsi malkia alivyoondoka katika inchi, ginsi barua zake zilivyokamatwa. Analieleza kwa maneno ya upole, pasipo kelele. Kiisha anawaacha wasomaji, anageuka na kusema na Mungu. Sala zake zimeshonwa kwa nyuzi za Zaburi, hata msomaji anazani anamsikia Daudi akimkimbia Absalomu mwana wake.

Mbele ya sura ya kwanza kuna picha iliyochorwa na William Marshall. Mfalme amepiga magoti. Taji la inchi yake liko chini karibu na mguu wake. Mkononi ameshika taji la miiba. Macho yake yanatazama juu, penye taji la mbinguni. Kando yake unaonekana mwamba katikati ya mawimbi, na mtende uliofungiwa mizigo mizito. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja alielewa maana: huyu ni shahidi, anafuata nyayo za Kristu.

Nani aliyeandika? Juu ya kitabu ni mfalme. Lakini ufalme uliporudishwa mwaka wa 1660, John Gauden, mchungaji wa Eklezia ya Kiingereza aliyepewa uaskofu wa Exeter na baadaye wa Worcester, alidai katika barua kwamba kazi ile ni yake. Wataalamu wengi wanakubali leo kwamba Gauden ndiye aliyeitengeneza, lakini kwa kutumia maandishi ya mfalme mwenyewe. Kwa hiyo tukisema hapa «mfalme anasema», tunamtaja yule mfalme wa kitabu, ambaye maelfu ya watu walimlilia.

Tutaje kwanza sifa zake, kwani zipo. Kitabu hakitukani. Katika sura ya 27 baba anamwandikia mwana wake mkubwa, naye anamwonya kwamba ni heri kuitwa mwema kuliko kuitwa mkubwa, tena asitafute kisasi. Katika sura ya mwisho mfungwa anafikiri juu ya kifo bila kulia na bila kujisifu mno. Maneno hayo ni mazuri, na hatuna sababu ya kukataa kwamba yalitoka moyoni.

Lakini tayari hapa tunaona pia hatari ya njia yake. Katika sehemu ya kwanza ya kila sura mfalme anajitetea, kama mtu aliye mbele ya waamuzi. Katika sehemu ya pili anasali. Sasa, nani atabishana na mtu anayesali? Msomaji aliyetaka kuuliza, «Mbona jambo hili halikuwa hivyo?», anajikuta kanisani, anavua kofia, ananyamaza. Sala inafunga kinywa cha swali. Kwa hiyo inatubidi kwanza tuyaweke maswali yenyewe mezani, ndipo tutarudi kuisikiliza sala.

II. Ugomvi ulikuwa juu ya nini

Parlema ya Waingereza ilikuwa na vyumba viwili: Chumba cha Mabwana, walimokaa wakubwa wa inchi pamoja na maaskofu, na Chumba cha Wajumbe, walimokaa watu waliochaguliwa na majimbo na miji. Mfalme ndiye aliyeiita, na mfalme ndiye aliyeivunja wakati wowote alipotaka. Yeye alitawala. Hata hivi desturi ya zamani ilisema: mfalme asitoze kodi mpya pasipo ruhusa ya Parlema. Basi mfalme alishika mlango, na Parlema ilishika mfuko.

Baba yake Charles, mfalme James, alikuwa ameandika kitabu mwaka wa 1598 kufundisha kwamba mfalme anatoa hesabu kwa Mungu peke yake, si kwa watu wake. James alikuwa na ulimi mkali, lakini alijua pia kurudi nyuma kabla ukuta haujamgonga kichwa. Mwana wake alirizi mafundisho yale pasipo ule werevu.

Charles alipopokea ufalme mwaka wa 1625, wajumbe wa Parlema yake ya kwanza walikubali kumpa ushuru wa bandari kwa mwaka mmoja tu, hali wafalme wa mbele walikuwa wakipewa kwa maisha yao yote. Mwaka wa 1626 aliivunja Parlema ya pili ili kumwokoa mpendwa wake Buckingham, aliyekuwa ameshitakiwa nayo. Kiisha akaona hana feza za vita, naye akawalazimisha watu kumkopesha. Waliokataa, wengine wao walitiwa gerezani bila kuambiwa kosa lao.

Mwaka wa 1628 Parlema ya tatu ilimletea Ombi la Haki. Lilidai mambo manne: pasiwe na kodi wala mkopo wa lazima pasipo Parlema, mtu asifungwe pasipo kuelezwa sababu, askari wasilazwe kwa nguvu katika nyumba za raia, raia wasihukumiwe kwa sheria ya vita wakati wa amani. Mfalme alijibu kwanza kwa maneno ya kuzungukazunguka. Wajumbe hawakurizika. Tarehe 7 Juni akatoa jibu lenyewe la desturi, lile linalotolewa kwa Kifaransa cha zamani, na watu wa London wakapiga kengele na kuwasha mioto ya furaha. Lakini Ombi lilipopigwa chapa, mfalme aliamuru jibu lake la kwanza litiwe ndani pia, pamoja na maneno yake ya kupunguza nguvu ya jibu la pili. Naye aliendelea kutoza ushuru wa bandari.

Tarehe 2 Machi 1629 alitaka wajumbe watawanyike. Wengine wao walimshika msimamizi wa Chumba, wakamkalisha kwa nguvu katika kiti chake, mpaka maneno yao ya kukataa yalipokwisha kusomwa. Mfalme akaivunja Parlema. Sir John Eliot, kiongozi wao, alifungwa katika Mnara wa London, akafa mle mwaka wa 1632. Jamaa yake waliomba maiti wakaizike kwao, mfalme akakataa.

Kwa muda wa miaka 11 hakukuwa tena na Parlema. Kutoka 1634 mfalme alitoza kodi ya merikebu. Kwa desturi kodi ile ilikuwa ya miji ya pwani wakati wa hatari. Lakini mwaka wa 1635 iliwaangukia hata watu wa bara wasioijua bahari, tena wakati wa amani, mwaka kwa mwaka. Tajiri mmoja, John Hampden, alikataa kulipa shilingi 20. Waamuzi walikuwa 12: mwaka wa 1638, 7 walimpa mfalme haki, 5 walimpa Hampden. Mfalme alishinda, lakini kila mtu alihesabu wale 5.

Kilichovunja nyumba kilitoka Uskoti. Mwaka wa 1637 mfalme aliwaletea Waskoti kitabu kipya cha sala, bila kushauriana na Parlema yao wala na mkutano mkuu wa Eklezia yao. Wakaasi. Mwaka wa 1640 jeshi lao liliingia kaskazini ya Uingereza, wakateka Newcastle, na mfalme akalazimishwa kuwalipia pauni 850 kwa kila siku. Feza zile hakuwa nazo. Parlema moja aliyoiita mwezi wa Aprili aliivunja mwezi wa Mei. Mwezi wa Novemba aliita nyingine. Hiyo ndiyo iliyompeleka vitani, na mwisho wake mbele ya shoka.

III. Zambi anayoiungama

Sasa turudi kwenye kitabu. Kuna zambi moja ambayo mfalme anaiungama kwa jina lake na kwa uchungu. Ni kifo cha Thomas Wentworth, bwana wa Strafford.

Huyu mwaka wa 1628 alikuwa upande wa wajumbe. Kiisha aliingia kwa mfalme, akatawala Irlandi kwa mkono mgumu. Parlema ilimshitaki kwa uhaini. Hukumu ya kortini haikufaulu, kwani ilikuwa vigumu kuonyesha uhaini wa mtu aliyetii mfalme wake. Wajumbe wakaacha njia ya korti, wakatunga sheria ya kumwua mtu mmoja kwa jina lake. Mfalme alikuwa amemwandikia Strafford kwa mkono wake kwamba hatapoteza maisha, wala heshima, wala mali. Lakini makutano walizunguka jumba wakipiga kelele, na mfalme aliogopa kwa ajili ya malkia na watoto. Tarehe 10 Mei 1641 alikubali. Tarehe 12 Strafford alikatwa kichwa.

Sura ya pili ya kitabu inalia juu ya jambo hili. Mfalme anasema kwamba alitenda kinyume cha zamiri yake kwa kutafuta amani, na amani hakuipata. Hayo si maneno ya karatasi tu: hata siku ya kufa kwake, juu ya jukwaa, alisema kwamba hukumu isiyo ya haki aliyoiacha itimizwe inalipwa sasa kwa hukumu isiyo ya haki juu yake mwenyewe. Tunaamini kwamba hapo mtu alitubu kweli.

Hata hivi, msomaji aliyezoea kiti cha maungamo asikie vizuri. Mfalme anaungama kosa gani? Kosa la kukubali neno la Parlema. Na azimio lake kwa siku zijazo ni lipi? Kutokubali tena kinyume cha zamiri yake. Kwa njia hii zambi anayoiungama inageuka kuwa silaha. Strafford alikufa, kwa hiyo mfalme asilegee tena mbele ya Parlema. Mapadri wanajua namna hii ya maungamo. Mtu anakuja, anasema: «Padri, nimetenda zambi: nimekuwa mpole mno kwa jirani yangu mbaya.» Maneno yanaweza kuwa ya kweli. Lakini anayeshitakiwa ni jirani.

Tena kuna kosa jingine ndani ya kosa hili, nalo halikutajwa waziwazi. Mfalme aliahidi kwa maandishi, akavunja ahadi. Kama angaliona hivyo, angalifika kwenye mzizi wa ugomvi wake wote na Parlema zake: neno lake halikuwa na nguvu ya kumfunga. Analia kwa sababu alimpoteza Strafford. Hajiulizi kwa nini wajumbe hawakuweza tena kumwamini.

IV. Zambi asizoziungama

Tuangalie sura chache tu.

Sura ya kwanza inaeleza kuitwa kwa Parlema ya Novemba 1640. Mfalme anasema kwamba aliiita kwa mapenzi yake mwenyewe, si zaidi kwa kushauriwa au kwa shida ya mambo. Lakini sisi tumekwisha kusikia habari ya pauni 850 kwa siku. Anakubali kwamba palikuwa na machukizo katika serikali yake, lakini yaliletwa na ukali au ulegevu wa «watu wengine». Miaka 11, kodi ya merikebu, Eliot aliyekufa gerezani: vyote hivyo vimekunjwa ndani ya maneno mawili, «watu wengine». Kiisha inakuja sala, na katika sala mfalme anajiita mkosefu. Ndiyo, mkosefu kwa jumla. Kila katekista amefundisha watoto kwamba haitoshi kusema «nimekosa sana». Lazima kusema umekosa nini.

Sura ya tatu inaeleza siku ya tarehe 4 Januari 1642. Siku ile mfalme mwenyewe aliingia katika Chumba cha Wajumbe kukamata watu watano, Hampden akiwa mmoja wao. Watu mamia wenye silaha walimngoja mlangoni. Wale watano walikuwa wamepata habari, wakakimbia kwa mashua. Mfalme alimwuliza msimamizi wa Chumba, William Lenthall, wako wapi. Lenthall alipiga magoti, akajibu kwa heshima kwamba pahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila Chumba kikimwamuru. Kitabu kinasema kwamba mfalme alikwenda kwa nia njema, na sababu zake zilikuwa za kweli. Labda yeye aliziona hivyo. Lakini hakuna neno moja la kuonyesha kwamba ameelewa woga wa watu waliokaa ndani, wakisikia hatua za askari nje ya mlango.

Sura ya 21 inasema juu ya barua zake, zilizokamatwa baada ya vita vya Naseby, tarehe 14 Juni 1645. Wajumbe walizipiga chapa ili kila mtu azisome. Mfalme anasikitika: ni jambo la aibu kufunua siri za mume na mke. Kweli, ni aibu. Lakini barua zilisema nini? Zilionyesha kwamba aliahidi kwa siri kuondoa sheria zilizowaonea Wakatoliki, akipata msaada wao wa vita, na mbele ya watu alikuwa akiapa kuilinda dini ya Kiprotestanti. Juu ya uso huo wa pili kitabu hakitubu. Kinalaumu mkono uliofungua barua.

Na mwisho: kitabu kinamwonyesha mfungwa wa Carisbrooke akifikiri juu ya kifo, lakini hakuna sura juu ya jambo alilolifanya pale pale tarehe 26 Desemba 1647. Siku hiyo, huku akiwa bado katika mazungumzo na Parlema juu ya amani, alifanya mapatano ya siri na Waskoti ili waingie Uingereza na jeshi. Mwaka wa 1648 vita vilianza tena. Watu waliokufa katika vita vile hawana sala yao katika Picha ya Mfalme.

V. Jibu la Milton, na zambi za upande wa pili

Wakubwa wapya walimwagiza mshairi John Milton akijibu kitabu. Jibu lake lilitoka Oktoba 1649, nalo linaitwa Eikonoklastes, Mvunja-sanamu. Jina lile lilichukuliwa kwa kuwasifu makaisari wa Kigriki waliovunja sanamu takatifu. Sisi tunaojua mtaguso wa Nikea wa mwaka wa 787 hatuwezi kulipenda. Lakini tukubali haki yake: Milton anafuata sura kwa sura, anaweka matendo kando ya maneno, na mara nyingi matendo yanayashinda maneno. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba sala moja iliyochapwa katika matoleo mengine ya kitabu imechukuliwa karibu nzima katika hadizi ya Philip Sidney, kinywani mwa msichana anayeomba kwa mungu wa kipagani.

Ubaya wake ni wa namna nyingine. Anamcheka mtu aliyekufa. Anawazarau watu wa kawaida waliolia, anawaona kama kundi la wajinga. Anazani kwamba ameonyesha uwongo wa mfalme, basi inatosha. Lakini watu hawakulia kwa kuwa walidanganywa tu. Walilia pia kwa kuwa waliona damu imemwagwa bila haki. Jambo hilo Milton hakuweza kulisema, kwani aliwatumikia walioimwaga.

Kwa maana Parlema nayo haikuwa na mikono safi. Tumeona ilivyomwua Strafford. Ukafika tarehe 6 Desemba 1648, askari wa Kanali Pride walisimama mlangoni pa Chumba, wakawazuia wajumbe waliotaka kupatana na mfalme. Waliobaki ndio waliounda korti ya kumhukumu, na watu 59 walitia mkono katika hati ya kumwua. Wale waliokasirika kwa sababu mfalme alileta askari mlangoni mwaka wa 1642 walikaa sasa katika viti vyao kwa sababu askari waliwafukuza wenzao. Tarehe 20 Aprili 1653 Cromwell aliwafukuza hata hao, kwa askari wale wale.

Na sisi Wakatoliki tusijidanganye na kuchagua upande kwa haraka. Wengine wanampenda Charles kwa sababu malkia wake, Henrietta Maria wa Ufaransa, alikuwa Mkatoliki. Lakini mfalme huyo alijaza mfuko wake kwa faini za Wakatoliki wasiokwenda katika ibada ya Kiprotestanti. Mwezi wa Januari 1641 alimwokoa padri John Goodman asiuawe. Parlema ilipokasirika, alirudi nyuma, akaliacha jambo mikononi mwao. Goodman hakunyongwa, lakini alifia gerezani mwaka wa 1642. Na Parlema iliyodai uhuru ilidai pia damu ya mapadri: mtakatifu Ambrose Barlow, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, aliuawa mjini Lancaster tarehe 10 Septemba 1641, mtakatifu Alban Roe mjini London tarehe 21 Januari 1642. Mashahidi hao hawakuwa wa mfalme wala wa Parlema.

VI. Kipimo

Kitabu kinajengwa juu ya wazo moja: mfalme ana hesabu na Mungu tu. Ndiyo sababu kinaweza kuwa kitabu cha sala na kitabu cha kujitetea kwa mara moja. Watu wamewekwa kando, mahali pa kusikiliza. Siku ya kufa kwake Charles alisema waziwazi kwamba uhuru wa watu ni kuwa na sheria za kulinda maisha na mali yao, si kuwa na sehemu katika utawala.

Teolojia yetu ilikuwa na jibu tayari. Mwaka wa 1613 Mjezwiti Francisco Suárez alimwandikia baba yake Charles, mfalme James, kitabu cha kumpinga. Alifundisha kwamba mamlaka yote yatoka kwa Mungu, lakini hayashuki kutoka mbinguni moja kwa moja juu ya kichwa cha mtu mmoja. Mungu ameyaweka katika jamii ya watu, nayo ndiyo inayomkabizi mtawala. Watu hawawezi kumnyang'anya ovyo, lakini mtawala hawezi kuyafanya kuwa mali yake. James alikichoma moto kitabu kile mjini London. Tunasikitika, kwani mwana wake angaliweza kujifunza humo kwamba ahadi mbele ya watu si neno la adabu tu. Anayevunja ahadi hiyo ametenda zambi mbele ya Mungu, kwa kuwa amewakosea watu. Haiwezekani kumaliza kesi na Mungu na kuiruka ile ya jirani. Bwana Yesu amesema mwenye sadaka aiache mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa Picha ya Mfalme. Majuto yamo. Unyenyekevu umo. Msamaha kwa adui umo, nao ni mzuri. Lakini msamaha aliowapa adui zake ni mwingi, na ule aliowaomba ni mchache. Anasamehe walio juu ya shingo yake. Haombi msamaha kwa familia ya Eliot, wala kwa wale waliofungwa bila kosa, wala kwa raia aliyetiwa katika vita vya pili. Malipizi, yaani kurudisha kilichochukuliwa, hayamo kabisa. Na kitu alichowanyang'anya watu wake hakikuwa shilingi 20. Kilikuwa uwezo wa kuamini neno la mtawala. Parlema ilipoutafuta mahali pengine, iliukuta katika upanga, na upanga uliwala wote wawili.

Eklezia ya Kiingereza ilimhesabu mfalme huyu kuwa shahidi. Sala za siku yake, tarehe 30 Januari, zilikaa katika kitabu chao cha ibada mpaka mwaka wa 1859. Hatutaki kumhukumu mtu aliyekwisha kusimama mbele ya Mwamuzi wake. Alikufa kwa moyo wa ushujaa, na korti iliyomhukumu haikuwa na haki. Lakini kifo chema hakifanyi kesi yote iwe njema, na kitabu chenye sala nyingi si lazima kiwe kitabu cha toba.

Mseminari anayejua Kiingereza akisome, kwani kitamfaa. Ajifunze humo ginsi Zaburi zinavyoweza kumpa mtu sauti katika taabu. Kiisha achukue kalamu, na kando ya kila sala aandike jina la mtu ambaye mfalme amemsahau. Akifika mwisho, atakuwa na orodha ndefu, na ataelewa kwa nini padri, anapomsikiliza mkubwa wa inchi au mkubwa wa nyumba, hamwulizi tu, «Umemkosea Mungu?», ila pia, «Uliahidi nini, na kwa nani?»